Kiungo

Katika lugha yetu neno kiungo lina kazi nyingi. Goti ni kiungo, na kiwiko ni kiungo. Hiliki, karafuu na mdalasini ni viungo, na pilau isiyokuwa navyo ni wali na nyama tu. Na yule mchezaji anayesimama baina ya walinzi na washambuliaji, akapokea mpira kwa hawa na kuwapa wale, naye tunamwita kiungo. Mimi nilikuwa kiungo, katika miaka ya thamanini, kwenye klabu moja ya hapa mjini Unguja ambayo jina lake sitalitaja. Sikuwa mchezaji mkubwa. Nasema hivyo mapema ili msomaji asije akadhani nimeandika kurasa hizi kwa kujisifu.

Aliyenifundisha ni mjomba wangu, jioni, pale Mnazi Mmoja, tukicheza huku baharini kunapunga upepo na vumbi linatuingia machoni. Nikizidi kukaa na mpira ananiita pembeni. "Mpwa wangu," akiniambia, "mpira ule ni amana. Umewekewa tu. Mpe mwenyewe." Nilidhani maneno yale ni yake. Baadaye sana, nilipoanza kusoma historia ya mchezo huu, ndipo nilipotambua kwamba fikra ile ilitoka mbali.

Mechi ya kwanza ya kimataifa ilichezwa mjini Glasgow tarehe 30 Novemba 1872, baina ya Scotland na Uingereza, ikamalizika bila ya bao. Waingereza wa siku zile walicheza kwa chenga: mtu akiupata mpira anakimbia nao mpaka anyang'anywe, na wenzake wanamfuata nyuma. Waskoti, ambao wote siku ile walitoka klabu ya Queen's Park, walikuwa na mtindo wa kupasiana. Mtindo huo ndio ulioenea duniani, maana makocha na wachezaji wa Kiskoti walikwenda kuufundisha kila pahala. Kwa hiyo kazi ya kiungo, kwa sehemu kubwa, ni urithi wa Waskoti.

Kwetu Unguja mpira uliletwa na Waingereza. Ulichezwa katika skuli ya wamisionari ya Kiungani katika karne ya kumi na tisa, ukatoka huko ukaingia mitaani, na vijana wa Ng'ambo wakaujua kuliko waliowafundisha. Chama cha Mpira cha Zanzibar kiliundwa mwaka 1926. Mwaka 1949 Zanzibar iliingia katika Kombe la Gossage, ikikutana na Kenya, Uganda na Tanganyika, kombe ambalo baadaye ndilo lililozaa Kombe la Chalenji. Tazama basi miaka hiyo: timu yetu ya taifa ilikuwapo kabla ya Uhuru, kabla ya Mapinduzi, na kabla ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964. Muungano ulipofika, timu haikufa. Iliendelea kucheza Chalenji kwa jina lake, na mwaka 1995 ililitwaa kombe hilo huko Uganda. Wenye umri wangu tunaukumbuka mji ulivyokuwa siku ile.

Lakini nje ya Afrika Mashariki na Kati, Zanzibar haina timu. Klabu zetu zinashiriki mashindano ya klabu za Afrika, ila kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika na Kombe la Dunia mchezaji wa Unguja au Pemba huvaa jezi ya Tanzania au havai kitu. Suala hili limezungumzwa barazani kwetu mpaka kahawa ikapoa, na kila likizungumzwa hapakosi mtu wa kuuliza: "Na Scotland je?"

Ni suala la haki. Scotland iliungana na Uingereza mwaka 1707. Haina kiti Umoja wa Mataifa. Hata hivyo ina chama chake cha mpira tangu 1873, iliingia FIFA mwaka 1910, na hucheza na dunia nzima kwa jina lake. Sababu ni kwamba Waingereza, Waskoti, Wawelisi na watu wa Ireland ndio waliotunga sheria za mchezo, wakajiwekea nafasi zao kabla ya wengine kuja. Sisi tulikuta mlango umeshafungwa.

Mfano ulio karibu ni Scott McTominay, kiungo wa Scotland. Huyu alizaliwa Lancaster, ndani ya Uingereza, akalelewa na Manchester United tangu utotoni. Baba yake ni Mskoti, na hilo lilitosha. Mwaka 2018 alichagua kuichezea Scotland. Mwaka 2024 alihamia Napoli ya Italia, na msimu wake wa kwanza klabu ikawa bingwa na yeye akateuliwa mchezaji bora wa ligi. Tarehe 18 Novemba 2025, mjini Glasgow, aliwafunga Denmark kwa tikitaka, Scotland ikashinda 4 kwa 2 na kufuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1998. Kijana aliyezaliwa nje ya Scotland aliweza kuichagua Scotland. Kijana aliyezaliwa Zanzibar hawezi kuichagua Zanzibar.

Tulidhani ataweza. Tarehe 16 Machi 2017, mjini Addis Ababa, mkutano wa Shirikisho la Mpira wa Afrika ulitupokea kuwa mwanachama wa 55. Watu walipongezana mitaani kama siku ya Idi. Haikufika miezi mitano. Mwezi wa Julai mwaka ule ule, katika mkutano uliofanyika Rabat, Morocco, uanachama ulifutwa. Tukaambiwa tulipokewa kwa makosa, kwani nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili.

Mwezi wa Disemba 2017 ilichezwa Chalenji nchini Kenya. Timu ile iliyokwisha kuvuliwa cheo iliwafunga Tanzania Bara 2 kwa 1, ikawatoa Uganda katika nusu fainali, ikatoka sare ya 2 kwa 2 na wenyeji katika fainali na kushindwa kwa penalti tu. Katikati ya uwanja, pamoja na Mudathir Yahya, alikuwapo kijana wa miaka 19 aliyekuwa akichezea JKU ya hapa hapa. Jina lake Feisal Salum Abdallah. Watu walikwisha kumpa jina la Fei Toto.

Alikuwa na kitu ambacho mjomba wangu angalikipenda. Kabla mpira haujamfikia alikwisha kutazama nyuma ya bega, na ukimfikia hakukaa nao. Ila akiona njia iko wazi alipiga kwa mbali, na hapo mjomba wangu angalimnunia mpaka mpira uingie wavuni.

Mwaka 2018 alivuka bahari kwenda Yanga ya Dar es Salaam. Mwaka huo huo akaanza kuitwa Taifa Stars. Msimu wa 2021/22 Yanga ilichukua ubingwa bila ya kufungwa hata mchezo mmoja, na kombe la shirikisho juu yake, naye akiwa mhimili wa kati. Kisha, Disemba 2022, alitangaza kwamba anaondoka. Mkataba ulikuwa haujaisha. Aliweka katika akaunti ya klabu shilingi milioni 112, yaani milioni 100 za kuvunja mkataba na milioni 12 za mshahara wa miezi mitatu, akaaga. Klabu ikazirudisha fedha ikasema bado ni mchezaji wake. Shauri likaenda Shirikisho la Mpira wa Tanzania, na Januari 2023 likaamuliwa kwamba klabu ndiyo iliyokuwa na haki.

Hapa sina budi kusema la kwangu.

Nilipokuwa na umri wa miaka 22, klabu moja ya Bara ilinitaka. Walileta barua kwa mkono, kwa mtu aliyekuja na meli. Kwa desturi ya wakati ule barua haikuletwa kwangu. Ilipelekwa klabuni, kwa kiongozi mmoja, naye ndiye aliyetakiwa kunipa ruhusa. Niliambiwa nisubiri. Nikasubiri msimu mzima. Nilipouliza niliambiwa, "Mwanangu, sisi ndio tuliokulea." Sikuwa na la kujibu, kwa sababu lilikuwa kweli. Viatu vyangu vya kwanza walininunulia wao. Basi nikanyamaza, na msimu uliofuata goti likaniharibikia, na barua nyingine haikuja. Miaka mingi baadaye, klabu ilipohama nyumba, kijana aliyekuwa akikusanya makaratasi aliikuta ile barua mtotoni mwa meza akaniletea. Ninayo mpaka leo. Simlaumu marehemu. Alidhani mchezaji ni mali ya waliomlea, kama mnazi ulivyo mali ya aliyeupanda.

Kwa hiyo watu barazani walipogawika juu ya Feisal, nilikuwa na uchungu wangu pembeni. Wazee wengi walisema hana shukurani. Mmoja akasema mkataba ni ahadi, na mwenye kuvunja ahadi haaminiki tena. Neno hilo lina uzito, na siwezi kulipuuza. Yanga walikuwa na karatasi iliyosainiwa. Lakini mimi nilimwona kijana aliyefanya lile nililoshindwa kulifanya: aliuliza bei ya mlango, akailipa, akaufungua. Kwamba alikosea hesabu ya sheria ni jambo moja. Kwamba alijiona ana haki ya kuuliza ni jambo jingine, na hilo ndilo kizazi chetu hatukuwa nalo.

Naye alilipa kwa njia nyingine pia. Miezi ile hakuichezea tena klabu yake. Yanga iliendelea bila yeye mpaka fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, ikafungwa nyumbani 2 kwa 1 na USM Alger tarehe 28 Mei 2023, ikashinda ugenini 1 kwa 0 tarehe 3 Juni, na kombe likaenda Algeria kwa kanuni ya bao la ugenini. Kiungo aliyewasaidia kufika walipokuwa msimu uliotangulia alikuwa mtazamaji kama sisi. Siku chache baadaye, Yanga walipoalikwa Ikulu, Rais Samia Suluhu Hassan, naye mzaliwa wa Unguja, aliwataka wayamalize. Tarehe 8 Juni Azam ikamtangaza kuwa mchezaji wake. Mke wangu, ambaye hana habari na mpira, aliniuliza ni kosa gani kubwa hilo alilolifanya mtoto wa watu hata likahitaji Rais. Sikuwa na jibu zuri.

Msimu wa kwanza Azam alifunga mabao 19 katika ligi, akapitwa na mtu mmoja tu, Aziz Ki wa Yanga, aliyefunga 21. Kwa kiungo mabao hayo ni mengi mno. Azam ikamaliza ya pili.

Nimebakisha jambo moja. Tarehe 30 Disemba 2025 Tanzania ilicheza na Tunisia katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Tulikuwa tumejazana sebuleni kwangu, watoto chini mkekani, wazee vitini. Tunisia walitangulia kwa penalti. Mara tu baada ya mapumziko Feisal akapiga, mpira ukaingia, ikawa 1 kwa 1 na ikabaki hivyo. Kwa sare ile Tanzania ilivuka makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake, ingawa wenyeji Morocco walitutoa katika hatua iliyofuata kwa bao moja.

Mechi ile na Tunisia ilichezwa Rabat. Ni mji ule ule ambamo mwaka 2017 tuliambiwa kwamba katika mpira wa Afrika sisi si kitu peke yetu. Kijana wa Unguja alikwenda akafunga pale pale, kifuani ana jina la Tanzania.

Mjukuu wangu, mwenye miaka tisa, alirukaruka mpaka akamwaga chai. Kisha akanigeukia. "Babu, hili bao letu au lao?"

Wazee walicheka, lakini wakanyamaza kunisikiliza. Ningaliweza kumwambia ni letu sote, na lingekuwa kweli, kwani nilikuwa nimesimama nikipiga kelele kama yeye. Ningaliweza kumwambia habari ya Scotland, nayo ni kweli. Madai yetu sijayafuta, na siamini kwamba furaha ya siku ile imeyafuta. Ila niliona pia kwamba mtoto huyu, tofauti na mimi, anakua akijua kwamba mtu wa mtaani kwake anaweza kuvuka bahari, kukataa, kulipa gharama ya kukataa, na kurudi akiwa bora zaidi.

Nikamwambia, "Bao ni la aliyefunga, babu. Halafu ametupa sisi."

Akaridhika, akaenda kuchukua kitambaa afute ile chai. Mimi nikaenda chumbani nikaitoa ile barua ya klabu ya Bara, nikaisoma tena. Karatasi imegeuka rangi kama chai yenyewe. Jina langu limekosewa herufi moja, na nafasi niliyotakiwa kucheza imeandikwa kwa mkono, kwa wino wa buluu: kiungo.