Somo la Historia: Ghala Moja au Maghala Mengi?

Wazee husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Leo tutatazama daftari la watu waandikao programu, yaani maagizo yafuatwayo na kompyuta. Maagizo hayo huwekwa katika ghala, na kila badiliko huandikwa humo, pamoja na jina la aliyelifanya na siku yake.

Kampuni ya watu kumi ghala moja laitosha. Lakini je, wakiwa maelfu?

Kampuni ya Google, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998, ilishika njia ya ghala moja tangu siku zake za mwanzo. Kufikia Januari 2015 ghala hilo lilikuwa na mafaili milioni 9 ya maandishi ya programu, yenye mistari ipatayo bilioni 2, na watu zaidi ya 25,000 walilitumia. Faida yake ni hii: kosa likionekana katika sehemu itumiwayo na wengi, hurekebishwa mahali pamoja, na wote hupona. Katika maghala mengi, dawa hiyo hiyo hupelekwa mlango kwa mlango. Mmoja ukisahauliwa, mwizi aweza kupita hapo.

Hata hivyo faida hiyo haikupatikana bure. Kwa miaka zaidi ya kumi Google ilitumia chombo cha kununua, Perforce, hata kikalemewa. Ikawabidi waunde chao wenyewe, Piper. Tena programu za Android na Chrome ziliwekwa nje ya ghala hilo, kwa kuwa watu wasio wa kampuni nao hushiriki kuziandika.

Sasa tazameni Microsoft. Programu yao ya Windows ilikuwa imegawanywa katika maghala zaidi ya 40. Wakaamua kuyaunganisha kwa Git, chombo alichokitunga Linus Torvalds mwaka 2005. Desturi ya Git ni kumpa kila mtu nakala ya ghala zima. Kwa Windows, yenye mafaili kama milioni 3.5, kazi ya kunakili ilichukua zaidi ya saa 12! Basi mwaka 2017 walionyesha chombo kipya kiletacho faili pale tu linapohitajiwa, na saa hizo zikawa dakika chache.

Mwaona, basi, kwamba mzigo hautoweki. Hubadili mchukuzi tu. Penye ghala moja huchukuliwa na mafundi wa vyombo. Penye mengi, na kila mwandishi, kwa kukumbushana na kupatana. Kampuni ndogo iigayo ghala la Google bila mafundi wake hapana budi itaelemewa.

Swali la kujadiliana kikundini: katika kazi yenu, nani auchukuaye mzigo huo?