Maelezo ya zana

Msaidizi wa akili mnemba akiombwa kutuma pesa, kuandika miadi kwenye kalenda au kutafuta faili, huiagiza programu nyingine ifanye kazi hiyo. Programu hiyo ndiyo zana, na jina hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye maandishi yanayomjulisha msaidizi kwamba zana ipo, inafanya nini na inahitaji kupewa nini. Kuna wanaoyaita nyaraka, kuna wanaoyaita mwongozo, na wengine maelekezo. Mimi nayaita maelezo ya zana, na naona uchaguzi huu una uzito.

Modeli ya lugha inayomwendesha msaidizi kwa kawaida haioni msimbo wa zana inayoiagiza. Inapewa jina la zana, maelezo yake kwa lugha ya kawaida, na vigezo inavyopokea pamoja na aina ya kila kimoja. Ndivyo ilivyo katika Model Context Protocol, itifaki iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, ambamo vigezo huandikwa kwa JSON Schema. Mhandisi akikwama huufungua msimbo au humpigia simu mwenzake. Modeli, pale maelezo yanapokaa kimya, mara nyingi huziba pengo kwa kukisia, na kisio lake huandikwa kwa ufasaha uleule wa jambo lenye hakika.

Chukua zana ya kuweka vikumbusho yenye kigezo kiitwacho "saa". Mtu wa Tanga anaandika: "Nikumbushe kesho saa nne." Anaweza kuwa na maana ya 10:00 au 22:00, na modeli iliyozoea saa za Kizungu inaweza kuweka 04:00. Maelezo yanayosema "saa ya kikumbusho" hayajasema kitu. Ningeandika hivi: "Saa kwa mtindo wa saa 24, majira ya Afrika Mashariki. Saa nne asubuhi huletwa kama 10:00, saa nne usiku kama 22:00. Sehemu ya siku isipotajwa, saa bado haijajulikana." Mwandishi wa maneno hayo lazima awe anajua namna watu wetu wanavyohesabu saa, na hapo ndipo Mswahili anapohitajika katika kazi hii, hata kama zana yenyewe imeundwa mbali.

Nambari za simu nazo zina mtego wake. Daraja, mfumo wa Safaricom unaoruhusu programu kuunganishwa na M-Pesa, hutaka nambari ya mteja ianze na 254, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mbele. Wateja huandika 07. Maelezo yakilitaja hilo, tena kwa mfano mmoja, modeli hugeuza nambari bila shida. Ujumbe wa kosa nao nauhesabu kuwa sehemu ya maelezo: "ombi batili" humwacha msaidizi akirudia kosa lilelile, ilhali "nambari ianze na 254" humwezesha kujisahihisha.

Turudi kwenye majina. Nyaraka ni vitu vya kutunzwa. Tanzania ina Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Maandishi haya hayakai kabatini, kwani modeli huyasoma kila inapopewa zana. Mwongozo humshika mtu mkono hatua kwa hatua na hauogopi urefu, lakini hapa kila neno linakula nafasi katika dirisha la muktadha, yaani kiasi cha maandishi ambacho modeli inaweza kukishika kwa wakati mmoja, na zana zikiwa nyingi nafasi ya kazi yenyewe hupungua.

Ninalolipinga hasa ni maelekezo. Kueleza ni kufanya jambo lielee, yaani limkae mtu wazi akilini. Kuelekeza ni kumwonesha mtu pa kuelekea. Anayestahili kumwelekeza msaidizi ni mtumiaji na aliyemweka kazini. Zana kazi yake ni kujieleza. Mwaka 2025 watafiti wa usalama walionesha kwamba mtu mwenye nia mbaya anaweza kuficha amri ndani ya maelezo ya zana, kwa mfano kumtaka msaidizi asome faili za siri na kuzipeleka kwingine, na msaidizi akatii kwa sababu amri na maelezo humfikia kama maandishi ya aina moja. Model Context Protocol nayo inaonya kwamba yale ambayo zana inasema kuhusu tabia yake yasiaminiwe isipokuwa yametoka kwenye seva inayoaminika. Mhakiki anayesoma maandishi yaliyopewa jina la maelekezo hatashtuka kukuta amri ndani yake. Akiyasoma kama maelezo, kitenzi chochote cha kuamuru kinachohusu mambo yaliyo nje ya zana kitamfanya asimame na kuuliza.

Tofauti hii inamhusu hata mtumiaji wa kawaida. Programu nyingi humwomba ruhusa kabla ya zana kutumika, na baadhi humwonesha maandishi yale yale yanayosomwa na modeli. Kichwa kikisema "Maelekezo", atadhani ameambiwa yeye la kufanya. Kikisema "Maelezo ya zana", atajua anasoma habari za kitu anachokaribia kukiruhusu, na anaweza kukikataa.