Meno ya utotoni

Meno ya utotoni (pia: meno ya maziwa) ni meno ya kwanza ya binadamu. Kwa kawaida ni 20, yaani 10 katika kila taya: meno ya mbele 8, chonge 4 na magego 8. Huanza kuota mtoto akiwa na miezi 6 hivi na hukamilika akikaribia miaka 3. Baadaye hung'oka na kuachia nafasi meno ya kudumu, ambayo hufikia 32.

Kung'oka

Jino la kudumu hukua ndani ya taya, karibu na mzizi wa jino la utotoni. Linaposogea ili kuota, mzizi huo huyeyuka polepole mpaka jino linalegea na kung'oka. Ndiyo sababu jino lililong'oka kwa wakati wake huonekana kama halina mzizi.

Meno ya mbele ya chini hutangulia, mtoto akiwa na miaka 6 au 7. Ya mwisho hung'oka kwenye miaka 12 hivi. Katika sehemu mbalimbali za Tanzania mtoto hurusha jino lake juu ya paa la nyumba ili apate jipya.

Gego la kwanza la kudumu huota kwenye miaka 6, nyuma ya meno yote ya utotoni, bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hudhani nalo ni la utotoni. Likioza na kung'olewa, halioti lingine.

Umuhimu

Meno ya utotoni hutunzia nafasi meno yajayo. Likiondolewa mapema, meno ya jirani huegemea pengo, na jino la kudumu huweza kuota limepinda.

Floraidi katika maji

Meno ya kudumu huanza kujengeka tangu uchanga. Maji ya baadhi ya visima vya mikoa ya Singida, Arusha, Manyara, Kilimanjaro na Shinyanga yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayeyanywa katika miaka yake 8 ya kwanza huweza kuota meno ya kudumu yenye madoa ya kahawia, hata kama yale ya utotoni yalikuwa meupe. Mswaki hauondoi madoa hayo, wala kuchemsha maji hakupunguzi floraidi. Maji ya mvua huwa na floraidi kidogo sana. Kituo cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimeendeleza uchujaji wa maji kwa mkaa wa mifupa.

"Meno ya plastiki"

Nchini Tanzania baadhi ya watu huamini kwamba homa na kuhara kwa mtoto mchanga husababishwa na "meno ya plastiki" au "ya nailoni", na nchini Uganda huitwa ebino. Kinachoonekana kwenye ufizi ni chonge changa za kawaida. Kuzichimbua kwa kifaa chenye ncha huweza kuleta kutokwa damu nyingi, pepopunda na maambukizi mengine, na kuharibu chonge za kudumu zilizo chini yake. Mtoto mwenye homa au anayehara hupelekwa kituo cha afya ili ugonjwa wenyewe utibiwe.