Kalsiamu yote si kalsiamu yenye kufanya kazi

Siye tuliosoma agronomia tunajua ile mutego ya fosfori. Mu udongo wenye asidi, chuma na aluminiamu vinaishika. Labo inaandika kama iko mingi, lakini maharagi inakufa njaa. Damu nayo iko na mutego wa namna hiyo, na historia yake inastahili kujulikana.

Tuanzie London, 1882. Munganga Sydney Ringer alikuwa anaweka moyo wa chura mu maji ya chumvi, na moyo unaendelea kupiga. Kisha akagundua kama maji ile ilikuwa ya bomba, yenye kalsiamu ndani. Alipotumia maji safi kabisa, moyo ukachoka. Mu 1883 akatangaza: bila kalsiamu moyo haupigi vizuri.

Wafugaji nao walikuwa na fumbo lao. Ng'ombe wa maziwa mengi anazaa, kisha anaanguka, anashindwa kusimama. Waliita ugonjwa huo homa ya maziwa, hata kama mara nyingi mwili unakuwa baridi. Mu 1897 Jurgens Schmidt wa Denmark alianza kuingiza dawa ndani ya kiwele. Kisha bengine wakaingiza hewa tu, na ng'ombe wengi wakapona bila mtu kujua sababu. Ni mu 1925 njo Little na Wright walionyesha kama kalsiamu ya damu inashuka sana mu ugonjwa huo.

Sasa, kalsiamu gani? Karibu nusu yake iko huru mu damu, kwa umbo la ioni. Ingine imeshikwa na protini, zaidi albumini, na kidogo na asidi zingine. Ile huru njo inafanyisha mishipa, misuli na moyo kazi. Mu 1934, McLean na Hastings wa Chicago walirudia kwa chura: waliangalia nguvu ya moyo wake ili kupima kalsiamu huru. Lakini hospitali gani itafuga vyura kila siku? Jibu lilikuja 1967, wakati James Ross, Marekani, alipotangaza elektrodi yenye kusikia kalsiamu huru, karibu sawa vile tunapima pH ya udongo.

Juu ya nini hiyo ituhusu? Mtoto mwenye utapiamlo, albumini yake ikishuka, kalsiamu yote inaweza kuonekana chini kumbe ile huru iko sawa. Mama aliyepewa damu nyingi baada ya kuzaa, iko kinyume: sitrati yenye kulinda damu isigande inakamata kalsiamu. Hesabu yote inaweza kuonekana nzuri, na moyo uko mu hatari.

Na kipimo chenyewe kinaharibika mbio. Tube yenye EDTA inakamata kalsiamu. Tube ikibaki wazi, gesi ya kaboni inatoka, pH inapanda, albumini inashika ingine zaidi, na jibu linashuka bila sababu ya mgonjwa. Basi tube ijae, ifungwe, ifike labo haraka.

Wenzangu wa uuguzi na wa mifugo, karatasi ya labo ikifika, mbele ya kuchoma sindano muulize: hii ni kalsiamu yote, ao ni ile huru?