NANI HUPANGA JIJI, NANI HULIPA?
Somo kutoka Historia ya Dar es Salaam

Katika madarasa ya siasa swali moja huulizwa mara kwa mara: kwa nini barabara na mifereji ya miji yetu huharibika mapema, hata pale ambapo fedha za kuijenga zilipatikana? Wengine hujibu kwamba ni umaskini, wengine kwamba ni uzembe wa watendaji. Majibu hayo yana ukweli, lakini hayafiki kwenye mzizi. Ili kuufikia inatubidi tuulize: Nani anapanga? Nani analipa? Na nani ana madaraka juu ya mfuko? Historia ya Dar es Salaam inatusaidia kujibu.

Urithi wa Kikoloni

Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao yao Dar es Salaam kutoka Bagamoyo, wakaweka na kanuni za ujenzi zilizotenga eneo la nyumba za Kizungu. Waingereza waliuendeleza ubaguzi huo. Mwaka 1924 waliugawa mji katika kanda tatu: ya nyumba za Kizungu, ya biashara, ambako Wahindi wengi waliishi, na ya nyumba za Waafrika, yaani Kariakoo na jirani zake. Mnazi Mmoja pakaachwa wazi kuwatenga Waafrika na wengine. Kwa maneno ya sheria kilichotajwa ni aina ya majengo, siyo rangi ya mtu. Lakini kwa kuwa ukoloni ulikuwa umekwisha kugawa kipato kwa rangi, matokeo yalikuwa yale yale. Mwafrika alilipa kodi, lakini hakuwa na sauti ya kuamua kodi hiyo ijenge nini na wapi. Huduma bora zikaanzia Uzunguni.

Uhuru na Jitihada Mpya

Baada ya Uhuru kazi ya kwanza ilikuwa kuufuta mgawanyo huo. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, likabomoa nyumba duni na kujenga mpya. Mwaka 1968 jiji lilipata mpango mkuu uliotayarishwa na wataalamu wa Kanada. Hata hivyo, watu waliongezeka kuliko nyumba zilizojengwa, na kila nyumba iliyobomolewa ilipunguza makazi ya wanyonge. Kwa hiyo mwaka 1972 Serikali ilibadili msimamo: badala ya kubomoa, makazi yaboreshwe. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kuanzia mwaka 1974 vilipimwa viwanja vyenye huduma Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Manzese ikapatiwa barabara, maji na mifereji.

Msingi wa mpango huo ulikuwa kwamba wenye viwanja warudishe gharama kidogo kidogo kwa njia ya kodi ya ardhi na ada za huduma, ili fedha hizo zihudumie mitaa mingine. Lakini ukusanyaji ulikuwa dhaifu. Mkopo ulipokwisha, katika miaka ya 1980, mpango nao ukasimama.

Mfuko Unapohama

Kwa nini ukusanyaji ulikuwa dhaifu? Hapa ndipo tunapokutana na uamuzi wetu wenyewe, na lazima tuutazame bila kuogopa. Siasa ya Madaraka Mikoani ya mwaka 1972 ilikusudia kuwapa wananchi madaraka. Katika utekelezaji, halmashauri za wilaya na za miji zilivunjwa. Dar es Salaam ikagawanywa katika wilaya za Ilala, Temeke na Kinondoni. Nafasi ya diwani aliyechaguliwa ikashikwa na mtumishi aliyeteuliwa, na fedha zikategemea mgawo wa Hazina, ambao kwa haki ulitazama vijiji kwanza. Mji ukabaki bila mwenyewe. Kipindupindu kilipozuka mwaka 1977, ubovu wa huduma ulionekana kwa kila mtu.

Mwaka 1978 halmashauri za miji zilirudishwa. Sheria za mwaka 1982 zikaziweka upya serikali za mitaa pamoja na fedha zake, na sheria ya mwaka 1983 ikaziwezesha halmashauri za miji kutoza kodi ya majengo. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri kwamba kuzivunja serikali za mitaa lilikuwa kosa. Kiongozi asiyeogopa kusema hivyo alitufundisha namna ya kuisoma historia yetu.

Funzo

Kuna tofauti kati ya kujenga na kutunza. Mfereji huweza kujengwa kwa mkopo wa mara moja, lakini kuuzibua kila msimu wa mvua kunahitaji fedha za kila mwaka, na mtu anayewajibika kwa wakazi wa hapo. Wakazi wa Hanna Nassif, katika miaka ya 1990, walishiriki kwa michango na nguvu zao kuchimba mifereji ya mtaa wao uliokuwa ukifurika. Hawakuwa na utajiri kuliko wa Manzese. Walikuwa na chombo chao cha kuamua.

Swali hili halijafungwa. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 300 kwa barabara na mifereji ya Dar es Salaam. Mwaka 2016 kazi ya kukusanya kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato, na mwaka 2021 kodi hiyo ikaanza kukatwa kupitia umeme wa LUKU. Njia hii hurahisisha kukusanya. Lakini mwananchi anayekatwa anapaswa kujua fedha yake imerudi mtaani kwa kiasi gani, la sivyo tutakuwa tumehamisha mfuko mara ya pili.

Wajibu wa kada, basi, hauishi kwenye sherehe ya kufungua barabara. Katika mkutano wa mtaa aulize na kudai majibu: matengenezo yametengewa kiasi gani, nani ameamua, na hesabu zitasomwa lini mbele ya wananchi. Kujitegemea kwa jiji kunaanzia hapo.