Kamusi Isiyofuata Alfabeti

Vijana wanaojifunza kuunda programu huko Lodwar, Turkana, na wenzao wa Kakuma, wastahili kulijua neno kamusi kwa maana ambayo wanazuoni wetu wa lugha hawakuizoea. Katika Forth, lugha ya kompyuta aliyoitunga Mmarekani Charles Moore karibu na mwaka 1970, kamusi kwa asili haipangwi kwa alfabeti, bali kwa utaratibu wa kuzaliwa kwa maneno, yaani amri za lugha hiyo: kila neno jipya huwekwa mwishoni, likibeba anwani ya lile lililolitangulia. Hivyo, atakaye kujua idadi ya maneno hayo hana budi kuanza na la mwisho, akirejea nyuma moja baada ya jingine, hata alifikie lile la awali lisilo na mtangulizi. Na neno likifasiriwa upya, la kale halifutwi. Maneno yaliyokwisha kutungwa kwalo huendelea kulitumia kwa maana yake ya kwanza. Utaratibu huu una hekima, nao wafaa kusomeshwa kwa Kiswahili fasaha, kwani Forth humwachia mtungaji hiari ya kuyaita maneno yake apendavyo, hata kwa Kiturkana.