Ruta, swichi na habu: kipi kilitangulia?

Kile kisanduku chenye taa zinazomemeta sebuleni mwako, uwe Muscat au Manchester, wengi hukiita ruta. Ukweli ni kwamba ndani yake vimekusanywa vifaa kadhaa vilivyozaliwa nyakati mbalimbali.

Aliyetangulia ni babu wa ruta. Tarehe 29 Oktoba mwaka 1969, kompyuta ya Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles iliwasiliana na ile ya Taasisi ya Utafiti ya Stanford kwa kupitia mitambo iliyoitwa IMP, mikubwa mfano wa jokofu. Zikafika herufi mbili tu, kisha kompyuta ya upande wa pili ikazima.

Mwaka 1973, Robert Metcalfe wa kampuni ya Xerox, akisaidiwa na David Boggs, alibuni Etheneti: waya mmoja unaotumiwa na kompyuta zote za jengo. Ulikuwa kama baraza lisilo na mwenyekiti. Wawili wakisema kwa pamoja, wote hunyamaza, kila mmoja akasubiri kitambo chake, kisha huanza upya. Habu, iliyokuja baadaye, haikubadilisha tabia hiyo. Ilizikusanya nyaya mahali pamoja tu, na lolote liingialo kwa mlango mmoja ilitoa kwa milango mingine yote. Mdadisi wa chumba cha tatu aliweza kusoma barua ya jirani yake bila ya kuinuka kitini.

Dawa yake ilikuwa kifaa kinachojifunza. Daraja, na baadaye swichi, husoma anwani ya mtumaji, hukumbuka amekaa mlango upi, na barua yake ijapo hupelekewa yeye peke yake. Tatizo likabaki moja: madaraja yakiungwa kwa duara, ujumbe huzunguka bila kikomo. Mwaka 1985 Radia Perlman, mhandisi wa kike wa kampuni ya Digital, alilitatua. Swichi ya kwanza ya Etheneti kuuzwa, yenye milango saba, ilitolewa na kampuni ya Kalpana mwaka 1990.

Swichi, hata hivyo, huwajua watu wa mtaa wake tu. Ruta ndiyo ijuayo njia za kutoka mji hadi mji. Na hapa pana hadithi tamu mno: kwamba Leonard Bosack na mkewe Sandra Lerner, wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha Stanford, waliibuni ili waandikiane barua kutoka idara mbili tofauti, wakaanzisha kampuni ya Cisco mwaka 1984. Kampuni waliianzisha kweli. Lakini programu iliyoendesha ruta hizo ilitokana na kazi ya William Yeager, mtafiti wa chuo hicho hicho, aliyoianza miaka kadhaa kabla. Mwaka 1987 chuo kiliipa Cisco leseni rasmi ya kuitumia programu hiyo, na miaka saba baadaye Cisco ikainunua Kalpana, ruta na swichi zikawa chini ya paa moja. Jina la Yeager hulisikia nadra.